Ulinganisho: rejeta ya ziada ya oili ya gia, kubadilisha oili tu, au gari la manyuo? (Kuvuta tela Kyela–Mbeya)

Mchele_wa_Kyela
Habari zenu, wakuu. Jumamosi ninatakiwa kumalizia malipo ya tela hapa Uyole, na kabla sijatoa fedha ninaomba ushauri. Gari langu ni Prado ya otomatiki, nami nataka kuleta mchele kutoka Kyela hadi Mbeya mara moja kwa wiki. Fundi wa kwanza anasema nifunge rejeta ndogo ya kupozea oili ya gia. Wa pili anasema hiyo ni fedha ya kutupa, nibadilishe oili tu inatosha. Shemeji yangu ananisihi niuze gari hili ninunue la manyuo, la kubadilisha gia kwa mkono. Kipi bora?

Fundi_Mnyalukolo
Ndugu, umeacha mambo ambayo bila hayo hakuna fundi anayeweza kukujibu kwa haki. Prado ya mwaka gani, injini gani, gia ngapi? Tela likijaa lina uzito gani, na lina breki zake lenyewe? Oili ya gia ilibadilishwa lini, na ni oili aina gani?

Wakati unatafuta majibu hayo, elewa kwanza joto linatoka wapi. Sehemu kubwa hutoka kwenye konveta, ile ngoma iliyo kati ya injini na giaboksi, ambayo hupitisha nguvu kwa msukumo wa oili. Gari likishika mwendo mzuri, konveta hujifunga, injini na giaboksi zikazunguka pamoja. Ukiwa nyuma ya lori lenye shehena mlimani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, haijifungi. Oili inakorogwa tu, na nguvu yote inayopotea pale inageuka joto, wakati huohuo upepo wa kuipoza ni mdogo. Oili hiyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 hivi za Selsiasi. Mafundi wengi hukadiria kwamba kila joto linapozidi hapo kwa nyuzi kumi, umri wa oili hupungua kwa nusu.

Mama_Ipinda
Mwanangu, msikilize shemeji yako. Mimi ninabeba mpunga kwa gari la dizeli la manyuo, na sijawahi kuamka usiku nikiwaza joto la oili ya gia. Klachi ikiisha, fundi yeyote wa Tukuyu anaishusha na kufunga nyingine. Giaboksi ya otomatiki ikiungua, utaambiwa utafute nyingine ya mtumba, na hujui nayo imetoka kwenye gari la namna gani.

Mbao_Mafinga
Mama, shikamoo. Ninaheshimu uzoefu wako, lakini klachi nayo huungua kwa kuondoka na mzigo mlimani, nami nimeinusa harufu yake zaidi ya mara moja.

Nieleze yaliyonipata, kwa sababu mwenye mada anakaribia kufanya kosa nililolifanya mimi. Nilifunga rejeta ya ziada kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Rejeta yenyewe ilikuwa nzuri, ya sahani, wala sikuwa na wasiwasi nayo. Nikatoka Dar es Salaam na tela lenye mashine ya kupasulia mbao, nikapita Ruaha Mbuyuni vizuri, nikaanza kupanda Kitonga mchana wa jua kali. Mbele yangu kulikuwa na msururu wa malori, tukawa tunakwenda na kusimama, tunakwenda na kusimama. Kwenye kona moja nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachopasuka, kisha moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halikusogea hata hatua moja.

Kijana niliyekuwa naye aliruka akaweka mawe nyuma ya matairi. Nilipofungua boneti niliona mpira umechomoka kwenye rejeta, umelainika hadi ukibonyeza kwa kidole unabaki na alama. Fundi alikuwa ametumia mpira wa kawaida wa petroli na klampu moja moja, na ncha za paipu hazikuwa na ukingo wa kuushika. Oili yote ilikuwa imemwagikia ekzosi. Tulivutwa hadi Ilula. Giaboksi ilipofunguliwa Iringa, klachi zake za ndani zilikuwa nyeusi kama mkaa.

Kwa hiyo funga rejeta, lakini simama hapohapo fundi anapofunga, na udai mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili ya gia yenye joto.

Loleza_Baridi
Pole sana kwa hayo. Mimi ninaongeza kwamba rejeta ya ziada isichukue nafasi ya ile iliyomo ndani ya rejeta kubwa. Oili ipite kwanza kwenye ile ya kiwandani, ndipo ipite kwenye ya ziada. Asubuhi za mwezi wa saba hapa Mbeya oili huwa nzito, na maji ya injini ndiyo yanayoipasha haraka.

Mbao_Mafinga
Hapo hatukubaliani. Rejeta kubwa ikizeeka hupasuka kwa ndani, maji yakaingia kwenye oili ya gia, na oili ikawa kama maziwa yenye rangi ya waridi. Mimi nimeitenga kabisa.

Loleza_Baridi
Basi badilisha rejeta kubwa iliyozeeka kuliko kuinyima giaboksi joto la asubuhi. Au uweke valvu yenye thermostati, ambayo huipitisha oili kando ya rejeta ndogo mpaka ipate moto.

Mchele_wa_Kyela
Ninaomba radhi kwa kuwachelewesha. Ni Prado ya petroli ya lita 2.7, gia nne. Nataka kupakia magunia kumi na mawili ya kilo mia mia. Oili sijui ilibadilishwa lini. Nimelikuta gari hivyo.

Fundi_Mnyalukolo
Kilo 1,200 kabla ya kuhesabu uzito wa tela, na breki bado hujatujibu. Kyela iko karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini ni takriban mita 1,700. Tena pale Isyonje, kabla ya kushuka Uyole, utapita juu zaidi ya hapo. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa hiyo utakanyaga zaidi palepale ambapo hewa ya kupozea ni nyepesi.

Anza na magunia sita. Mlimani zima overdraivu, yaani gia ya nne, ili gia isiruke kati ya tatu na nne. Tazama mshale wa mizunguko ya injini: ukiongeza mafuta kidogo nao ukapanda ilhali mwendo uko palepale, konveta haijafunga, teremsha gia. Taa ya joto la oili ya gia ikiwaka, simama, weka P, wala usizime injini, maana pampu ndiyo inayoizungusha oili ipoe.

Mama_Ipinda
Na breki, mwanangu? Ukitoka Isyonje kushuka Uyole, tela la namna hiyo bila breki litakusukuma.

Mchele_wa_Kyela
Tela halina breki, Mama. Nimemwuliza mwenyewe sasa hivi.

Nimechomoa pia kijiti cha oili nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Limekaa katikati, jeusijeusi, halikusambaa, na lina harufu ya mkate ulioungua. Fundi, hii ni ya kubadilishwa yote kwa mara moja, au kidogo kidogo?