Vidude vyenye vyumba kwenye mchanga wa Mwambani ni nini?

Mwalimu wa Bayo
Habari zenu wakuu. Nafundisha biolojia sekondari hapa Tanga. Maji yalipokupwa nilichota mchanga Mwambani, kwenye nyasi bahari, nikauosha na kuuweka kwenye hadubini ya shule. Kuna vidude vyenye umbo la dengu, havifiki milimita mbili, ndani vina vyumba vyumba vilivyojizungusha. Wanafunzi wanabishana: mayai ya samaki au konokono wachanga?

Mvuvi Kijana
Dondoshea siki, mwalimu. Likitoa povu ni gamba, si yai.

Bi Chujio
Siki itakuonyesha chokaa tu. Hata vipande vya kombe na matumbawe vitatoa povu. Angalia vyumba. Konokono ana chumba kimoja kirefu kilichojikunja, hao wanaongeza kipya kila wanapokua, na mwili mzima ni seli moja. Ni foraminifera. Wenye umbo la dengu, kwa pwani yetu, mara nyingi ni Amphistegina: wanaishi chini, wakifuga diatomu (mwani mdogo wa seli moja) mwilini ili wapate chakula kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo si planktoni, yaani viumbe wanaoelea majini.

Ndugu zao wanaoelea ndio ninaowapenda zaidi. Nimeosha dongo la Kilwa na Lindi: unaloweka bonge mpaka lilainike, unalipitisha kwenye chujio la maikroni 63, tope linakwenda na maji, kinachobaki unakikausha. Mwalimu, magamba ya mamilioni ya miaka bado yanapitisha mwanga! Sehemu nyingi za bahari kuu, magamba ya umri huohuo yamekuwa meupe pe, kwa kuwa chokaa ya asili imebadilishwa na fuwele mpya. Dongo letu lilibana, maji hayakupenya. Ndiyo maana oksijeni iliyomo kwenye gamba inaweza kueleza joto la bahari ya enzi zile, hadi kwenye mpaka wa enzi za Eosini na Oligosini, miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu ilipotanda Antaktika na Hantkenina, wale wenye miiba, wakatoweka wote. Inaniuma tunapotaja visukuku vya Tanzania tukaishia Olduvai.

Mwalimu wa Bayo
Asante sana dada. Wanaoelea nitawapata Tanga?

Bi Chujio
Toka nje ya miamba, kwenye kina, uvute wavu wa matundu madogo sana. Ghubani ni wachache. Na mchanga wako usiukaushe wote: wenye rangi ya kahawia huenda wako hai. Waache usiku kucha kwenye bilauri ya maji ya bahari, asubuhi utawakuta wamepanda ukutani.