Mrejesho: tundu la kaakaa la binti yangu limezibwa kwa nyama ya ulimi

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza hapa kama tundu lililobaki kwenye kaakaa la binti yangu wa miaka 8, baada ya upasuaji wa kwanza, lingeweza kuzibwa, maana uji na maji vilikuwa vikimtokea puani. Limezibwa. Kwa kuwa nyama ya kaakaa ilijaa makovu na haikuvutika tena, daktari alichukua kipande cha juu ya ulimi, akakigeuza na kukishona kwenye tundu huku shina lake likiwa bado limeshikamana na ulimi, ili damu iendelee kukilisha hadi kishike mahali pake. Kwa wiki 3 mtoto aliishi ulimi ukiwa umefungwa kwenye kaakaa, akinywa maziwa na supu iliyochujwa, na akituandikia kwenye daftari kila alichotaka. Siku hizo zilinitesa mno. Kisha shina lilikatwa, kwa dawa ya usingizi tena. Juzi alikunywa chai, nikaitazama pua yake: ilikuwa kavu. Sauti bado inapitia puani kidogo, hivyo tumeanza mazoezi ya matamshi. Mlionishauri nimuulize daktari kuhusu nyama ya ulimi, nawashukuru kwa dhati.