Mnaohubiri kwa "Kigiriki cha asili", acheni kuwatukana viziwi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mods, uzi huu msiuhamishe.

Jumapili nilimpeleka mdogo wangu kwenye semina ya neno. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, fundi simu, na mimi ndiye humtafsiria kwa lugha ya alama. Mhubiri kafika Marko 7, pale Yesu anapomponya kiziwi, katangaza: "Kwa Kigiriki cha asili hapa pana neno kofos, maana yake mtu asiye na akili!" Akajigonga paji la uso kwa kidole, mara mbili. Ukumbi mzima "Amina!" Mikono yangu ikagoma. Mdogo wangu akanivuta shati: kasema nini?

Hivi huyu Kigiriki kakisomea wapi? Mimi nilihangaika nacho miaka miwili chuoni na bado kinanitoa jasho. Yeye ana neno moja, na hilo moja kaligeuza rungu.

Kwenye Iliadi ya Homer, utenzi wa vita wa Wagiriki wa kale, kitabu cha 11, mpiganaji Paris anamchoma adui yake Diomedes mshale wa mguu, naye Diomedes anamkejeli: mshale wa mwoga ni kofos. Yaani butu. Kitabu cha 14, bahari inatuna kwa wimbi kofos, lisilo na sauti, kabla upepo haujashuka (watu wa pwani mnalijua hilo). Kwa binadamu likawa ulimi butu, yaani bubu, au sikio butu, yaani kiziwi. Ndiyo maana Mathayo 9 kofos anasema, na Mathayo 11 makofos wanasikia. Neno lile lile! Sikatai, wapo Wagiriki waliolifanya tusi la mtu mzito wa kichwa. Lakini Marko 7 yenyewe inasema yalifunguka masikio. Masikio, jamani, si ubongo.

Na Zakaria, baba wa Yohana Mbatizaji, je? Luka 1:22 ni kofos huyo huyo, tena kuhani. Ndugu wanamuuliza kwa ishara mtoto aitwe nani, anaomba kibao, anaandika Yohana. Asiye na akili anaandika?

Nilimfuata mhubiri nje, Biblia mkononi. Akasema nina roho ya ubishi, akapanda gari.

Mdogo wangu kaniuliza tena kwenye daladala. Jana kaniuliza tena, anabadilisha kioo cha simu ya mteja, kaweka bisibisi chini ili mikono iwe huru. Bado sijamjibu.