Nyumba ya Nyanya (kundi la familia la kutumiana ujumbe): mipango ya London

Zulekha: Asalam aleikum. Shikamooni wakubwa wote. Barua ya mahafali yangu ya chuo huku London imetoka leo asubuhi. Ni Julai, Jumanne. Chuo kimenipa tiketi mbili za wageni ukumbini.

Halati Rukia: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu! Nimelia hapa dukani mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Hongera sana.

Ami Athman: Hongera binti. Hizo tiketi mbili ni za nani sasa?

Zulekha: Za Mama na Nyanya. Hilo nililiamua tangu mwaka wa kwanza.

Mama Zulekha: Mwanangu, London si Malindi. Jana nimeangalia hoteli kwa simu, usiku mmoja tu ni kodi yangu ya nyumba ya mwezi. Nilikuwa nafikiri tukutumie kanga na dua, tutazame kwa video.

Zulekha: Mama, usiangalie hoteli za katikati ya mji. Huo ni mji wa watalii. Mimi nimeishi miaka mitatu kwa pesa ya kazi ya wikendi, najua mji mwengine. Nipe nafasi nikuandikieni.

Salim Nairobi: Andika, tunasoma.

Zulekha: Kwanza malazi. Kwangu hamwezi kulala, mwenye nyumba hataki wageni wa usiku. Lakini vyuo vingi London hukodisha mabweni wanafunzi wakienda likizo ya kiangazi. Chumba kisafi, kitanda, na mabweni mengine jiko la kutumia. Bei ni chini sana ya hoteli. Nimeshaona kimoja karibu na mimi huku Woolwich, vitanda viwili. Nikikishika mapema tutakipata.

Pili nauli za mjini. Nyanya magoti hayamruhusu ngazi za treni za chini ya ardhi, na stesheni nyingi za zamani hazina lifti. Basi. Basi lilikuwa pauni 1.75 mwaka 2025, na ndani ya saa moja unaruhusiwa kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Dereva akiombwa anateremsha ubao mlangoni, mtu anapanda bila kuinua mguu. Tena juu ya ghorofa ya basi unaona mji wote, ingawa Nyanya tutamkalisha chini.

Halati Rukia: Unalipa kwa kondakta?

Zulekha: Hakuna kondakta, Halati. Na pesa taslimu mabasi ya London hayapokei tangu 2014. Unagusisha kadi. Kila mtu na kadi yake, hamwezi kugusisha moja watu wawili. Mama atatumia ya benki, lakini Mama waulize benki wanakata kiasi gani kwa matumizi ya nje. Nyanya nina kadi ya ziada ya Oyster, kadi ya nauli za mjini, kwenye droo, nitaiwekea pesa. Msinunue nyengine, kadi yenyewe inauzwa.

Ami Athman: Na kutoka uwanja wa ndege?

Zulekha: Nitawafuata mwenyewe Heathrow. Kuna treni ya haraka ya mjini, hiyo tuiache, bei yake inauma. Kuna Piccadilly line, treni ya chini ya ardhi, ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, lakini ni ya kubadilisha njiani na mizigo. Kuna treni ya Elizabeth line, bei ni zaidi ya mara mbili ya Piccadilly, lakini inakuja moja kwa moja mpaka Woolwich na ina lifti. Siku ya kuwasili tutapanda hiyo. Hapo sibani.

Mama Zulekha: Usibane kwa mamangu.

Salim Nairobi: Tiketi za ndege nitashughulikia mimi. Nitalinganisha mbili: ya kutoka Mombasa mkipitia Addis Ababa, na ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Ikiwa ya Nairobi itapungua vya kutosha, mje kwa treni ya SGR, daraja la kawaida ni shilingi 1,500, mlale kwangu. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, uwanja wa ndege ni hapo jirani. Na nitawaandikia mapema shirika la ndege wamwekee Nyanya kiti cha magurudumu. Hawatozi.

Zulekha: Salim, tarehe ya kurudi iwe kabla ya mwisho wa Julai. Shule za huku zikifungwa nauli hupaa.

Ami Athman: Mimi nina neno kuhusu viza. 2019 nilimpa wakala mmoja pesa ajaze fomu. Alijaza kazi ambayo siifanyi, nikakataliwa, na ada hairudi ukikataliwa. Fomu ni mtandaoni, serikali ya Uingereza yenyewe, na ukweli wako unaujua wewe. Tujaze wenyewe, hapa kwangu, tukiwa watatu mezani.

Halati Rukia: Ami, ile iliniuma kama yangu. Nitakuja na kipakatalishi cha Fatma.

Ami Athman: Na jengine. Tukichanga, tusimimine pesa kwenye akaunti ya Mama Zulekha wiki moja kabla ya kuomba. Watatazama stetimenti ya miezi iliyopita. Pesa nyingi za ghafla zisizo na maelezo ndizo zinazoleta kukataliwa. Mchango ulipe tiketi na malazi moja kwa moja, na anayelipa aandike barua kwamba kalipa yeye, na stetimenti yake aambatanishe.

Salim Nairobi: Sahihi kabisa. Kuomba ni kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, kwa hivyo Aprili tuwe tayari. Pasipoti ya Nyanya iko wapi?

Mama Zulekha: Ilikwisha muda 2021. Ya Hija ile.

Halati Rukia: Jumatatu nampeleka afisi ya uhamiaji mwenyewe. Ombi naanza leo kwenye eCitizen, tovuti ya serikali.

Ami Athman: Mchango: nyumba saba, elfu tano kwa mwezi, Februari mpaka Juni. Hiyo ni 175,000. Nyanya ndiye aliyetuuzia mahamri mpaka mikono ikaungua, kila mmoja humu kasoma kwa mafuta yale. Mimi natuma sasa hivi.

Fatma: Nimetuma ya kwetu.

Salim Nairobi: Nimetuma. Na ya Mama yangu pia.

Zulekha: Allah awalipe. Sasa ya kutembea, maana Mama najua utasema tutakaa chumbani kuokoa pesa. Makumbusho makubwa ya hapa kiingilio ni bure. Natural History Museum ukiingia tu kuna mifupa ya nyangumi ya mita 25 imening'inizwa juu ya ukumbi, mdomo wazi kama anapiga mbizi. Nataka Nyanya akae chini yake. Ijumaa twende Whitechapel, msikiti upo na chakula cha halali kila upande, hatutahangaika.

Mama Zulekha: Na chakula cha siku nyengine?

Zulekha: Napika mimi, zamu yangu. Leteni kashata, tende na mahamri. Sambusa za nyama na chochote cha maziwa acheni, forodha wanachukua.

Halati Rukia: Nyanya yuko hapa, nimemsomea yote. Anauliza kitu. Naandika maneno yake: "Huko kuna bahari?"

Zulekha: Mwambie kuna mto, Thames, na hapa Woolwich kuna feri ya kuvuka. Bure, watu na magari, tangu 1889. Kama ya Likoni, Mombasa, isiyotutoza sisi wa miguu.

Halati Rukia: Amenyamaza kidogo. Anasema: "Babu yenu kafunga kamba za feri Likoni miaka ishirini na sita. Mabaharia wa huko ni watu gani?"

Zulekha: Mwambie feri moja imepewa jina la Ben Woollacott. Alikuwa baharia wa feri hiyo hiyo, wa ukoo wa watu wa mto. Alifia kazini 2011, ana miaka 19.

Halati Rukia: Ameshika leso usoni.

Halati Rukia: Anasema Jumatatu ni mbali, kama uhamiaji wangefungua kesho angekwenda kesho. Na picha ya pasipoti atapigwa na ule mtandio wa samawati.

Mama Zulekha: Mwambie naupiga pasi.