Nahama, ng'ombe wangu watamzoea mtu mwingine?

Wadau, asubuhi hii nimesimama tu zizini, ng'ombe wamelala wanacheua taratibu, mvuke unawatoka puani, mbuzi mmoja anajikuna kwenye nguzo, roho ikaniuma sana maana nahama na mifugo yote inabaki kwa mdogo wangu. Watamzoea kweli?

Jibu: Watamzoea, ng'ombe anatambua sura na sauti ya mtu. Ila mwache aanze kukamua wewe ukiwepo, maana ng'ombe akiingiwa hofu homoni ya kushusha maziwa inazuiwa, anabana hata kama kiwele kimejaa.

Jibu: Na saa za kulisha zisibadilike jamani, hilo wengi wanalipuuza. Wakicheua hivyo ujue wametulia, pole ndugu.

Muulizaji: Asanteni sana, kesho alfajiri namwamsha tukamue wote.