Mjadala: Je, mbinu mseto (kuchanganya takwimu na maelezo ya watu katika utafiti mmoja) iwe sharti kwa kila tasnifu ya uzamili?

Mtoa mada: Napinga. Mwanafunzi akilazimishwa kuchanganya hojaji na usaili ndani ya miezi michache, anazalisha tafiti mbili nusunusu. Sura ya nne, ile ya matokeo, inajaa majedwali ya asilimia, kisha zinafuata nukuu tano sita za wasailiwa, na hakuna mahali pande hizo zinapokutana. Tazameni pia muda: saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa neno kwa neno. Usaili 20 wa saa mojamoja ni wiki mbili au tatu za kunakili tu, kabla ya kuanza kusimba, yaani kuyapanga maneno ya wasailiwa kwa mada.

Mchangiaji wa kwanza: Hilo ni kosa la mpangilio. Chukua suala la vyandarua. Hojaji ikiuliza kama kaya ina chandarua na nani alilala ndani yake usiku wa kuamkia leo, utajua ni kaya ngapi zinacho na hazikitumii. Sababu hutazipata humo. Basi chambua hojaji kwanza, halafu teua wasailiwa kutoka humohumo: tuseme kaya 8 zinazotumia na 8 zisizotumia. Mwongozo wa usaili uandikwe baada ya hapo. Ukiuandaa siku moja na hojaji, utauliza mambo ambayo matokeo hayakuyaibua. Na fomu ya ridhaa iombe ruhusa ya kurudi, kila hojaji ipewe namba, orodha ya majina ifungiwe kando. Wengi husahau hili, na wakifika hatua ya pili hawana wa kumrudia.

Mchangiaji wa pili: Mimi naumizwa na sampuli. Mtu anatumia fomula ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli: watu 1,200, kiwango cha makosa 0.05, anapata sampuli ya 300. Hesabu ni sahihi. Kisha anagawa hojaji kwa aliowakuta sokoni! Fomula ile inadai uteuzi wa nasibu kutoka orodha kamili. Bila hiyo, 300 ni namba tupu. Mtu huyohuyo anasaili watu 10 aliowateua kwa makusudi, anaandika "asilimia 60 walisema". Asilimia ya nani? Hao aliwateua waeleze sababu, hawawakilishi idadi ya watu.

Mtoa mada: Mpangilio wa vyandarua naukubali, kwa sababu swali lenyewe linaudai. Sharti bado nalikataa: anayepima uzito wa watoto wachanga hahitaji kubandika usaili ili apite. Na takwimu zikigongana na maelezo ya usaili?

Mchangiaji wa kwanza: Tofauti zisifichwe. Chora jedwali la pamoja: safu ya takwimu, safu ya maelezo, safu ya tafsiri ya mtafiti. Kaya ikidai kwenye hojaji kwamba inatumia, na kwenye usaili ikalalamikia joto, huenda ilijibu ilichodhani mdodosaji anataka kusikia. Ndiyo maana mdodosaji aombe kukiona chandarua na aandike kama kimetundikwa au bado kimo kwenye mfuko wake.