Mbwa wa jirani anawinda paa kwenye kichaka changu karibu na Jilore: nichukue hatua gani?

Mrithi wa Jilore

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nina shamba la urithi upande wa Jilore, si mbali na ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Sehemu ya chini ninalima mahindi na kunde, na sehemu ya juu nimeiacha kichaka kwa makusudi, kwa sababu humo ndimo mbuzi wangu wanamopata majani wakati wa kiangazi na humo ndimo paa na kanga wa porini wanamojificha. Marehemu babu yangu aliwinda humo kwa upinde kabla Serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu hapo akatuusia kwamba kichaka kile kisikatwe na mnyama wake asiguswe.

Jirani yangu ana mbwa kadhaa, na kiongozi wao ni dume jekundu lenye sikio lililochanika. Hutoka alfajiri, hupenya chini ya ua wa minyaa, na huwakurupusha paa hadi kwenye waya wa zizi. Juzi nilimkuta chini ya mkwaju akimla paa jike ambaye mguu wake wa nyuma ulikuwa bado unatetemeka, na usiku uliofuata mtoto wa mbuzi aliyezaliwa jioni hakuonekana tena.

Jirani mwenyewe ni mtu mwema na tumeoleana. Nilipomweleza kwa upole alinijibu kwamba mbwa hajui mpaka, na kwamba mbwa hao ndio wanaowafukuza nyani na nguruwe mwitu wasimalize mahindi yetu sote, jambo ambalo siwezi kulikanusha. Naomba kujua: je, nina haki ya kumtega au kumuua mbwa huyu akiwa ndani ya shamba langu? Na iwapo askari wa wanyamapori watakuta mzoga wa paa kwangu, nitaeleza nini?

Mkulima wa Kakuyuni

Pole sana, ndugu. Mbwa akishaonja damu ya mbuzi haachi. Huku kwetu watu hupaka dawa ya wadudu kwenye kipande cha nyama, wakakiweka njiani anakopita, na shida huisha usiku huohuo bila kelele na mtu yeyote.

Mlinzi wa Msitu, Gede

Ndugu wa Kakuyuni, naomba shauri hilo lisifuatwe na mtu yeyote anayesoma hapa. Sumu haichagui. Mbwa akifia kichakani, tai na fisi watakula mzoga wake nao wafe, na kabla yake huenda kipande kile kikaokotwa na kuku, na mwenye kuku akamchinja bila kujua amekula nini. Isitoshe, kumpa mnyama sumu ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na Kanuni za Adhabu zinamtia hatiani mtu anayeua mnyama wa mwenzake kwa makusudi na bila haki. Mrithi wa Jilore ndiye mwenye kudai leo. Akitega au akiweka sumu, kesho yeye ndiye atakayedaiwa.

Kuhusu mzoga, jibu langu ni moja: usiuguse, usiukate, usiuingize nyumbani hata kipande. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda hata kwa ajili ya kitoweo, na kukutwa na nyama ya mnyama wa porini ni kosa hata kama hukumuua wewe. Piga picha ya mzoga palepale ulipolala, ikiwezekana alama za meno na nyayo zionekane, kisha toa taarifa kwa Shirika la Wanyamapori au kwa mzee wa kijiji siku hiyohiyo. Anayetoa taarifa mapema hana haja ya kujieleza baadaye.

Niongeze jambo linaloniuma kwa miaka mingi. Tunapozungumzia ujangili tunafikiria bunduki na pembe za ndovu, ilhali katika msitu huu mbwa na mitego ya nyaya vimewamaliza wanyama wadogo kimyakimya. Paa nunga, aina ya paa mdogo ambaye hapa Kenya hupatikana katika misitu ya pwani kama huu wetu na ile ya Boni na Dodori kule Lamu, ni mawindo mepesi ya mbwa. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, naye hulala ndani ya rundo la majani makavu juu ya ardhi, na mbwa humfukua kwa harufu. Sange huyu karibu wote waliobaki duniani wako katika msitu wetu huu. Kwa hiyo kichaka ulichoachiwa na babu yako ni kikubwa kuliko ugomvi wa mbuzi mmoja, na ninakushukuru kwa kutokikata.

Tabibu wa Mifugo, Malindi

Ninakubaliana na Mlinzi, ila ninataka kuuliza swali ambalo halijaulizwa: mbwa huyu anafuata nini kwako? Mbwa anayelishwa ukoko wa ugali mara moja kwa siku atajitafutia mwenyewe, na mara nyingi kinachomwita kwanza si paa. Mbuzi anapozaa, kondo la nyuma likiachwa zizini au likitupwa nyuma ya ua, mbwa hulinusa kutoka mbali. Hulila usiku wa kwanza, na mara ya pili anapokuja hukuta kitoto kingali kimelowa na hakiwezi kukimbia. Lifukie kondo kwa kina cha mkono mzima na uweke mawe juu yake, na mama na mtoto walale ndani ya banda lenye mlango kwa wiki ya kwanza. Vivyo hivyo, ukichinja, usiwatupie mbwa mapafu na maini yenye uvimbe wa maji, kwa maana mbwa hupata minyoo humo, akaeneza mayai kwenye malisho, na ugonjwa ukarudi kwa mbuzi na kwa watoto wako.

La pili ni kichaa cha mbwa. Muulize jirani kama mbwa wake wamechanjwa mwaka huu. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mbwa afungwe aangaliwe kwa siku 10 badala ya kuuawa, kwani dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba. Dume akihasiwa, vilevile, hupunguza kuzurura.

Mwenyeji wa Langoni, Lamu

Mimi ni mzee, na nimewahi kusuluhisha mambo ya aina hii. Maneno ya faragha uliyomwambia jirani ni adabu, lakini hayana shahidi. Rudi kwake ukiwa na mzee wa kijiji, umweleze tena palepale mbwa wake ameua nini na lini, na iandikwe. Mwenye mbwa aliyekwisha kuarifiwa mbele ya watu hawezi tena kusema hakujua tabia ya mnyama wake, na iwapo mambo yatafika kwa chifu au mahakamani, siku ile ndiyo itakayohesabiwa.

Kwa kuwa umetusalimu kwa salamu ya Kiislamu, nitaongeza kwamba dini yetu imeruhusu kufuga mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa kulinda shamba, kwa hiyo usianze kwa kumlaumu jirani kwa kuwa na mbwa. Mlaumu kwa kumwachilia. Mwambie wazi kwamba unataka mbwa wake alinde mahindi: afungwe kwa kamba ndefu karibu na mpaka nyakati nyani wanapokuja, na asiachwe huru alfajiri. Na fidia ya mtoto wa mbuzi izungumzwe hapohapo, kiasi kitajwe, ili kisije kikazungumzwa msibani au harusini.

Mrithi wa Jilore

Nimewaelewa na ninawashukuru nyote. Mzee wa kijiji amekubali tuende Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Kondo la nyuma ni kweli lilikuwa likitupwa nyuma ya ua na vijana wangu, na nimeagiza shimo lichimbwe. Tabibu, nina swali moja: nikijitolea kulipia nusu ya gharama ya chanjo na kuhasi, je, huduma hiyo hupatikana kijijini au ni lazima mbwa aletwe mjini?

Tabibu wa Mifugo, Malindi

Anza na afisa wa mifugo wa wadi yako, umuulize kampeni ya chanjo itakapofika Jilore, kwa kuwa chanjo hufanyika kijijini mbwa wengi wakikusanywa pamoja. Kuhasi kunahitaji dawa ya usingizi na mahali safi, hivyo mpango wake uzungumzwe na daktari mwenyewe. Mwambie jirani amzoeshe mbwa kufungwa kamba kuanzia leo, kwa sababu mbwa ambaye hajawahi kushikwa ndiye anayemng'ata mchanjaji.